Mara 35 kwa Saa, na Bado Samaki Wanatweta

Mwalimu alinipigia simu Jumanne jioni akitaka bei ya pampu kubwa. Hakutaka mengine, bei tu. Tangi lake la matumbawe lilikuwa linaharibika, alikuwa ameulizia kwa watu watatu, na wote watatu walimpa jibu moja: maji hayatembei vya kutosha, ongeza pampu. Alikuwa ameshaongeza mara moja. Nikamwomba asinunue chochote mpaka nifike kuona, naye akacheka. "Fundi anayekataa kuuza! Haya, njoo Alhamisi."

Naandika kisa hiki kwa sababu mimi mwenyewe nilikikosea nusu, na nusu niliyoikosea ndiyo iliyokuwa karibu kuua samaki.

Tangi lenyewe

Mwalimu alifundisha Malindi miaka mingi kabla ya kustaafu na kujenga Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Kule alikuwa akiwapeleka wanafunzi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyotengwa tangu 1968, na anasema aliporudi bara hakuna alichokikosa kama mwamba. Basi akajiwekea mwamba wake sebuleni. Hakung'oa kitu baharini. Alinunua vipandikizi kwa mfugaji mwenzake wa Nairobi, na kwa yale matumbawe magumu, ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, alidai kuona karatasi zote kabla ya kutoa pesa. Mwalimu ni mwalimu.

Maji ya bomba hayatumii. Sisi tuliokulia Nakuru tunabeba ushahidi wa floraidi kwenye meno yetu, na mtu aliyewahi kusahihisha madaftari ya darasa zima hawezi kudanganywa kuhusu maji. Hununua yale yaliyochujwa ya kujaza mitungi dukani, akayapima, kisha akachanganya chumvi ya pakiti mpaka uzito wa maji ufike mara 1.025 ya ule wa maji yasiyo na chumvi. Upande huo sikuwa na la kumfundisha.

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50, na maji yanafika kimo cha 50. Hizo ni lita 300. Ukitoa mawe na mchanga, nilikadiria maji halisi kuwa kama lita 270. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi la pili tunaloliita sampu, lenye skima ya kutoa uchafu kwa povu, hita, na pampu ya kurudisha maji juu. Ndani ya tangi kubwa kulikuwa na pampu mbili za mkondo, moja kila upande, zimebandikwa kwenye vioo katikati ya kimo zikitazamana kama mafahali. Matumbawe yalikuwa ya wastani: Sarcophyton mmoja mpana kama sahani, mikeka ya Zoanthus, kichaka cha Xenia, na Euphyllia wawili wenye mikono mirefu inayopepea. Samaki watano. Wawili ni wale wa chungwa wenye mistari myeupe, jamii ya Amphiprion, mmoja kangaja, na wawili wadogo wa buluu.

Nilimwomba aniambie malalamiko yake bila kuniambia sababu. Sarcophyton alikuwa amejifunga wiki tatu, juu yake kuna utando kama nta. Euphyllia wa kulia nyama yake ilikuwa inachanika na kuacha mfupa wazi. Nyuma ya mawe kulikuwa na zulia jekundu linaloteleza. Akilinyonya kwa mpira Jumamosi, Jumatano limerudi. Na samaki, akiamka asubuhi, huwakuta wote juu karibu na uso wa maji, wanatweta.

Ukiyatazama malalamiko hayo utaona yanagombana. Sarcophyton na zulia jekundu vinalalamikia maji yasiyotembea. Euphyllia analalamikia maji yanayompiga kupita kiasi. Na wote wako kwenye tangi moja, kwenye maji yale yale, umbali usiofika mita moja.

Ndoo na saa

Kabla ya kuingiza mkono majini nilitaka hesabu. Pampu ya kurudisha maji imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Hiyo ni namba ya kiwandani, ya pampu isiyopandisha maji popote. Hapa inayapandisha mita 1.4, kupitia elbo mbili na bomba lenye mwani ndani. Nikaweka ndoo ya lita 20 mdomoni pa bomba na kushika saa: ikajaa kwa sekunde 48. Yaani lita 1,500 kwa saa, nusu kamili ya ilivyoandikwa. Sikushangaa, sijawahi kukuta namba ya kibandiko ikitimia ndani ya nyumba ya mtu.

Pampu za mkondo huwezi kuzipima kwa ndoo, kwa hiyo nikakubali maandishi yake, lita 4,000 kila moja. Jumla ni 9,500. Gawa kwa 270 unapata mara 35 kwa saa. Wafugaji wengi hutosheka na mara 10 hadi 20 kwa matumbawe laini, na 40 au zaidi huwaachia wale wa Acropora na jamaa zake wanaotoka mahali mawimbi yanapovunjikia. Mwalimu alikuwa tayari juu ya kiwango cha vitu alivyofuga. Pampu ya tatu isingetibu kitu.

Nilimwambia hivyo, akanitazama kama mwanafunzi aliyetoa jibu bila kuonyesha njia. "Basi yanakwenda wapi hayo maji yote?"

Swali hilo ndilo kazi yenyewe, na namba ya lita kwa saa haiwezi kulijibu. Pampu hutoa mkondo mwembamba kama wa mpira wa kumwagilia bustani. Unachokigusa unakikwangua, unachokikosa hakijui kama pampu ipo. Ukisema mara 35, umesema maji yamepita ndani ya pampu mara nyingi. Hujasema yamepita mbele ya nani.

Na kupita mbele ya tumbawe ndiko kunakohesabika. Tumbawe halina mashavu ya kupumulia kama samaki wala halihami. Hewa, virutubisho vilivyoyeyuka na taka nyingi hupita kwenye ngozi yake, na juu ya ngozi hiyo kuna utando mwembamba wa maji yasiyosogea ambao kila kitu lazima kiupenye polepole. Mkondo ukiwa mzuri utando hukonda. Ukiwa hafifu hunenepa. Watu hufikiri shida ni kukosa oksijeni peke yake, lakini mchana mara nyingi huwa kinyume. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe hutengeneza oksijeni nyingi kwenye mwanga, na isipochukuliwa na maji huanza kudhuru. Mwaka 1998 joto lilipopausha matumbawe sehemu nyingi za dunia, pwani yetu ya Kenya ikiwemo, si yote yaliyokufa. Nakamura na van Woesik, katika utafiti wa Okinawa waliouchapisha 2001, walionyesha kwamba kasi ya maji ni sehemu ya maelezo ya nani alipona. Hata Xenia wa Mwalimu, anayefumba na kufumbua vidole vyake mchana kutwa, hachezi. Watafiti waliomchunguza jamaa yake wa Bahari ya Shamu walieleza mwaka 2013 kwamba kule kufumba na kufumbua kunamsogezea maji na kumwondolea oksijeni iliyozidi. Yeye kajitengenezea pampu yake.

Kusoma mchanga

Mchanga wa tangi ni kama vumbi la barabara ya murram: hukuambia upepo umetokea wapi. Wa Mwalimu ulikuwa umechimbika shimo mpaka kioo cha chini kuonekana, mbele kidogo ya katikati, pale mikondo miwili ilipogongana na kushuka. Pembe za nyuma ulikuwa umetulia laini, na juu yake kuna unga wa kahawia.

Nikachukua kijiti cha mshikaki, nikafunga uzi wa nailoni wa sentimita 6 kwenye ncha, nikaanza kutembea nacho ndani ya tangi. Uzi hauna siri. Mbele ya Euphyllia wa kulia ulisimama mlalo kabisa, umekakamaa, haupepei. Mkondo wa moja kwa moja kutoka kwa pampu, usiobadilika usiku na mchana. Karibu na Sarcophyton uliinama kidogo na kurudi. Nyuma ya mawe ulining'inia.

Kisha chakula. Nilisaga kidonge cha samaki, nikakichanganya na maji ya tangi, nikakivuta kwa bomba la sindano na kukitoa taratibu sehemu moja moja, taa imezimwa, mjukuu wa Mwalimu akimulika kwa simu kutoka pembeni. Mbele ya pampu chembe ilipita sentimita 30 kabla sijabonyeza saa vizuri. Nyuma ya mawe wingu dogo lilikaa pale pale. Tulihesabu dakika nne, kisha kijana akachoka mkono.

"Hapo ni maji mafu," akasema Mwalimu, na sikuweza kulipata neno bora. Mvuvi wa Malindi akisema maji mafu anazitaja siku zile za nusu mwezi, bahari isipojaa sana wala kupwa sana, kinyume cha bamvua ambapo maji pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Tofauti ni kwamba baharini maji mafu hupita baada ya siku chache. Nyuma ya mawe ya Mwalimu yalikuwa yamekaa mwaka mzima.

Sababu ilikuwa mawe yenyewe. Aliyempangia aliyajenga kama ukuta, kutoka upande hadi upande, yameegemea kioo cha nyuma. Yanapendeza kwenye picha. Lakini maji hayana njia ya kupita nyuma, na kila kipande cha kinyesi na chakula kilichovuka juu ya ukuta kilianguka upande wa pili kikabaki. Naitreti ilikuwa 20, fosfeti 0.15, si namba za kutisha, ila zulia jekundu halikuwa likila maji ya tangi zima. Lilikuwa linakula jalala lake binafsi.

Kijana akauliza kama lile jekundu ni mwani. Si mwani hasa, ni sainobakteria, ukoo mmoja na ile spirulina ya Ziwa Nakuru ambayo heroe huichuja kwa midomo yao. Akataka kujua kwa nini basi shosho asichote maji ya ziwa, si yana chumvi? Yana chumvi, lakini ya magadi. Ni makali kama maji ya sabuni, pH yake hufika 10, na bahari hukaa karibu na 8. Tumbawe halingemaliza saa moja. Alionekana kusikitika, nadhani alikuwa ameshapanga safari.

Marekebisho ya kwanza

Tulifanya kazi Jumamosi tatu, si moja. Jalala la mwaka mzima ukilivuruga kwa siku moja unalimwaga juu ya samaki. Kila Jumamosi nilinyonya ndoo moja ya maji meusi kutoka nyuma, tukarudisha maji mapya yenye chumvi na joto lile lile, na kuhamisha theluthi ya mawe. Mwishoni ukuta ukawa vilima viwili, kati yake upenyo wa sentimita 15, na nyuma nafasi ya sentimita 8 ambayo mkono wangu unaingia na mpira wa kunyonyea.

Pampu sikuongeza. Nilizihamisha. Ya kushoto nikaiweka mbele, ikipuliza sambamba na kioo cha mbele kwenda kulia. Ya kulia nikaiweka nyuma, ikipuliza sambamba na kioo cha nyuma kwenda kushoto. Badala ya kupigana zikawa zinasaidiana, maji yakazunguka vilima kama matatu kwenye raundabauti, na yakikwaruza mawe yanavunjika vipande vidogo vya mikondo isiyo na mpangilio, ambavyo matumbawe huvipenda kuliko mkondo mmoja ulionyooka. Euphyllia wa kulia alihamia nyuma ya bega la kilima, apate maji yaliyokwisha kugonga jiwe. Wengi wangeongeza taima ili pampu zipokezane kila saa sita, mfano wa kujaa na kupwa. Wazo ni zuri, ila pampu za bei hii huwaka kwa kugongagonga na hazikuumbwa kuzimwa na kuwashwa kila mara. Nikaliacha.

Kipimo cha chembe kilirudiwa. Nyuma, palipokuwa na maji mafu, chembe ilipita sentimita 30 kwa sekunde 4. Kwenye Euphyllia uzi ulikuwa unapepea huku na huku.

Siku ya tisa Mwalimu alinitumia picha. Sarcophyton alikuwa amejivua ile nta kama nyoka anavyojivua gamba, kipande kizima kikielea kuelekea bomba la kushushia maji. Huyu hujivua kila baada ya muda, ndivyo alivyo, lakini anahitaji maji ya kumvua shati. Asipoyapata anakaa ndani yake na uchafu wote. Zulia jekundu lilirudi mara moja tu, jembamba, kisha likakata tamaa. Nikajipongeza, nikaandika kwenye daftari langu kwamba kazi ya Kiamunyi imekwisha.

Wiki mbili baadaye ujumbe: "Fundi, matumbawe asante. Lakini samaki asubuhi bado wako juu."

Saa kumi na moja na nusu

Hapa ndipo nilipokosea. Siku ya kwanza nilimuuliza kama pampu zinafanya kazi kila siku, akanijibu kila siku, na wote wawili tulikuwa wakweli. Sikuuliza usiku. Vipimo vyangu vyote nilivichukua kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, taa zikiwaka, Mwalimu akiwa amenipikia chai.

Safari hii nilimwomba ruhusa nije kabla hakujapambazuka. Nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya Nakuru ile inayong'ata masikio, madirisha yote yamefungwa. Kitu cha kwanza nilichogundua sebuleni kilikuwa kimya. Mjukuu alikuwa amelala kwenye kochi. Pampu mbili za mkondo zilikuwa zimezimwa. Skima imezimwa. Iliyobaki ni ile ya kurudisha maji, lita zake 1,500, mdomo wake umezama sentimita 6 chini ya uso. Uso wenyewe ulikuwa kama kioo, na nilipoumulika kwa upande nikaona filamu ya mafuta imetanda kutoka pembe hadi pembe.

Mwalimu akatoka na shali mabegani. "Huzizima saa nne usiku, mtoto apate kulala. Huwasha saa kumi na mbili. Kuna ubaya?"

Nilikuwa nimeazima kipimo cha oksijeni kwa mfugaji wa tilapia. Kilisoma miligramu 2.9 kwa lita. Jioni iliyotangulia Mwalimu, niliyekuwa nimemwachia kipimo makusudi, alikuwa ameandika 5.6. Samaki wa chungwa, niliyemhesabia mashavu mchana yakifunguka mara 85 kwa dakika, sasa alikuwa 140. pH ilikuwa 7.7.

Usiku kila kitu ndani ya tangi hupumua na hakuna kinachotengeneza oksijeni. Matumbawe, mwani, samaki, bakteria waliomo kwenye mawe na mchangani, wote wanachota kwenye mtungi mmoja, na mtungi hujazwa kutoka sehemu moja tu, juu, pale maji yanapokutana na hewa. Uso ukitulia na kufunikwa na mafuta, mlango umefungwa. Na nyumba nayo ikiwa imefungwa, hewa ya usiku hujaa kabonidayoksaidi ya waliolala, inaingia majini na kuishusha pH.

Halafu kuna jambo ambalo ushauri wa matangi unaotoka nchi za pwani hautakutajia, kwa sababu walioutoa hawaishi hapa. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 yakishiba oksijeni Mombasa hubeba takriban miligramu 6.6 kwa lita. Yakishiba Nakuru hubeba kama 5.2; ile 5.6 ya jioni ilikuwa imezidishwa na mwani uliokuwa kwenye mwanga mchana kutwa. Si kwamba yamechafuka wala pampu ni mbovu. Ndio mwisho wa kikombe. Mfugaji wa Nyali akizima pampu zake saa nane usiku anaanza kushuka kutoka ghorofa ya juu zaidi. Mwalimu alikuwa anaanzia ghorofa ya pili, na mimi chini ya 4 huwa sitaki kuona samaki wa mtu.

Kwa hiyo mkondo kwenye tangi la Nakuru una kazi mbili. Ya kwanza, kupita mbele ya matumbawe, nilikuwa nimeitengeneza vizuri. Ya pili, kuvunja uso wa maji, hasa gizani, sikuigusa.

Kelele ndiyo ilikuwa ugonjwa

Hakuna maana ya kumwambia mtu awashe mashine asiyoweza kulala nayo. Ataizima tena, na hatakwambia. Basi nikaanza na kelele.

Skima ilikuwa imekaa moja kwa moja kwenye kioo cha sampu, kioo kwenye ubao, ubao kwenye sakafu ya vigae. Kabati zima lilikuwa ngoma. Nikakata soli ya ndara kuukuu vipande vinne, nikaviweka chini yake. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa na gamba la chumvi, ndiyo maana ulikuwa unapiga filimbi. Maji ya moto yakautosha. Nikaurefusha kwa mpira mpaka nje kupitia kona ya dirisha, ili skima ivute hewa ya Kiamunyi na si ya sebuleni. Pampu moja ya mkondo ilikuwa inaguswa na waya wake ikitetemeka. Nikausogeza waya.

Bomba la kushushia maji nalo lilikuwa na historia. Aliyelifunga alilibana kwa koki ili lisikorome, maji yakapanda sentimita 6 juu ya tundu lake, likawa linavuta kutoka chini na kuiacha filamu ya mafuta juu inanenepa. Nikalizungushia kisanduku cha plastiki chenye meno kama kitana, meno yakianzia kwenye uso, ili kinachoshuka kwenda sampu kiwe ni ngozi ya juu ya maji. Filamu ilitoweka kabla sijamaliza chai. Mdomo wa pampu ya kurudisha nikaupandisha mpaka sentimita 2 chini ya uso, ukitazama juu kidogo, ili usiku na mchana uwe unakunja uso wa maji. Pampu ya kushoto nayo ikapanda mpaka uso ukaanza kucheza.

Marekebisho hayo ya bomba na mdomo wa pampu yalijibu swali lingine ambalo Mwalimu hakuwa ameliuliza. Mwishoni mwa Agosti 2023, taifa karibu zima lilipokaa gizani, aliamka akakuta kapeti limelowa na akadhani tangi limepasuka. Halikupasuka. Stima zikipotea, maji ya juu hushuka mpaka yafike tundu la chini kabisa. Sentimita 6 kwenye tangi la 120 kwa 50 ni lita 36, na sampu yake ina nafasi ya lita 25. Zilizobaki zilikwenda kwenye kapeti. Sasa zitashuka sentimita 2, lita 12, na zitatosha.

Asubuhi ya tatu baada ya hapo, saa kumi na mbili kasoro, kipimo kilisoma 4.7. pH 7.9. Samaki walikuwa chini kwenye mapango yao, mahali pa samaki kulala. Mashavu 90. Euphyllia aliyechanika alipoteza vichwa viwili kati ya vitano. Vitatu vimebaki na vinanenepa. Sidhani angevipoteza hivyo viwili kama ningekuja alfajiri mara ya kwanza, kwa maana tumbawe lililojeruhiwa halihitaji usiku wa kukosa pumzi juu ya jeraha.

Lililobaki lilikuwa stima zenyewe, maana Kiamunyi hazikosi kupotea. Pesa alizokuwa amezitenga kwa pampu kubwa tulizitumia kwa pampu ndogo ya mkondo ya volti 12, wati 8, na betri ya amperi-saa 50 iliyounganishwa na chaja na rilei, ili zikipotea iwake yenyewe ikitazama juu. Betri hiyo ina wati-saa 600. Ya aina hii haipendi kumalizwa zaidi ya nusu, basi hesabu 300, gawa kwa 8, saa 37. Mimi nilimwandikia mlangoni mwa kabati saa 30. Tuliijaribu kwa kuchomoa plagi kuu mchana mmoja na kukaa saa nne tukihesabu mashavu, yeye kwenye kiti chake na kalamu nyekundu, mimi sakafuni. Hayakupita 100.

Stima zilipotea kweli Jumapili iliyofuata, usiku. Saa sita na dakika kumi simu yangu ikalia, ujumbe wa Mwalimu: "Kimya kimeniamsha. Ile ndogo inazunguka, maji yanacheza. Nirudi kulala?"

Nikamjibu arudi.